Barabara inayovuka mpaka: mnabishania mkopo, mnasahau nani kalipia upembuzi

Kipimapembe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila bajeti ya ujenzi ikisomwa tunakesha hapa tukibishana mkopo katoa nani, riba asilimia ngapi, mkandarasi Mchina au Mturuki. Hayo yana nafasi yake. Ila kuna fungu moja ambalo halimshtui mtu likitajwa: fedha za upembuzi yakinifu, usanifu wa kina na msaada wa kitaalamu. Ukililinganisha na gharama ya ujenzi ni fungu dogo, na mara nyingi huja kama ruzuku, kwa hiyo serikali hulipokea kwa mikono miwili na sisi tunapiga makofi.

Nimefanya kazi upande huo, kwanza na wapimaji, baadaye chini ya wahandisi washauri. Msimamo wangu ni huu: fungu hilo dogo ndilo serikali zetu zingepaswa kulipa zenyewe, hata kama ujenzi wote tutakopa.

Upembuzi ndio unaoamua barabara ipite wapi, iwe na upana gani, tabaka zake zihimili mzigo kiasi gani, na kama inafaa kujengwa au la. Mfadhili wa ujenzi anapofika mezani anakuta maswali yote yameshajibiwa. Sasa kama aliyelipia majibu ni mtu mwingine, wewe mwenye nchi unabaki kusaini.

Chukueni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kwenda Zambia haitalipa, bora iboreshwe barabara. Mwaka 1966 wataalamu wa Uingereza na Kanada wakaja na jibu tofauti: inafaa. Milima ileile, shaba ileile. Kweli katikati hapo, Novemba 1965, Rhodesia ya Smith (Zimbabwe ya leo) ilijitangazia uhuru na njia ya kusini ya Zambia ikaingia mashakani, kwa hiyo hali nayo ilibadilika. Lakini Kaunda na Nyerere walikuwa wameshaona faida ambayo ripoti ya kwanza haikuwa na safu ya kuiandika. Magharibi hawakutoa hela hata baada ya ripoti ya pili. Mkataba na China ukasainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, njia ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kwa mkopo usio na riba.

Na hapa ndipo penye somo la msaada wa kitaalamu. Mwaka 1972, reli ikiwa bado inajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea reli chuoni. Walirudi na taaluma mikononi.

Siku hizi msaada wa kitaalamu una sura nyingine. Mshauri anakuja na timu yake, anakodi ofisi, anakaa. Mwishoni unapewa ripoti ya juzuu nene zenye jalada zuri, na "kujengewa uwezo" kunakuwa warsha ya hotelini yenye posho. Ukiomba data ghafi za upimaji unapewa PDF. Ukiomba hesabu za mafuriko zilizotumika kuamua ukubwa wa kalavati, unaambiwa ni mali ya kampuni. Miaka inapita, pesa ya ujenzi inapatikana, mkandarasi anaingia porini na kukuta bikoni, zile alama za upimaji, nusu zimeng'olewa, nyingine mtu kaegemezea jiko la mkaa. Inabidi kupima upya. Mto ulishahama, daraja lililochorwa halikai tena. Hapo inaanza ile barua maarufu ya mkandarasi kuomba nyongeza ya muda na ya fedha. Nani wa kumbishia, wakati hesabu za awali hatunazo?

Karibuni, ila tusigeuze uzi wa vyama.

Semi_Ndefu

Mkuu umeongea kisomi, nimekuelewa kiasi chake. Ila sisi tunaokaa nyuma ya usukani tunajua lami si tatizo kubwa siku hizi. Tatizo ni kusimama.

Wanaoijua Rusumo ya zamani wataniunga mkono. Lile daraja la zamani lilipitisha gari moja kwa wakati, huku Rwanda, huku Tanzania, katikati maporomoko. Unafika unazima injini, unasubiri zamu. Wajapani wakatoa msaada, likajengwa daraja jipya la njia mbili pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, Magufuli na Kagame wakazindua Aprili 2016. Nafuu ilionekana siku hiyohiyo, na haikuhitaji mkeka mrefu wa lami.

Namanga nayo hivyohivyo. Zamani unagonga mhuri wa kutoka upande huu, unasogea, unapanga foleni nyingine ya kuingia upande ule. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018 unapita nchi unayotoka bila kusimama, unakwenda moja kwa moja upande wa pili, na pale ndani maofisa wa nchi zote mbili wamekaa ukumbi mmoja. Dirisha la huyu, dirisha la yule, umemaliza. Mtandao ukikatika ni habari nyingine, hapo mtalala wote.

Kipimapembe (mleta uzi)

Mkuu Semi, umenisaidia kuliko unavyodhani. Hayo unayoyasema ni msaada wa kitaalamu uliozaa matunda, ila hauna picha ya greda kwa hiyo hakuna anayeupongeza.

Chukua mizani. Zamani kila nchi ya Jumuiya ilikuwa na kikomo chake na namna yake ya kuhesabu ekseli, gari halali huku ni kosa kule. JICA, shirika la maendeleo la Japani, ikafadhili utafiti wa kuoanisha, nchi zikakaa, ikapatikana Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013. Kikomo tani 56 kwa uzito wote, gari na mzigo. Kuanza kuitumia ikawa safari nyingine, Tanzania tumeanza rasmi Machi 2019. Utafiti ule uliokoa lami nyingi, kwa sababu uharibifu wa barabara haupandi sambamba na uzito wa ekseli. Ongeza mzigo kidogo juu ya kikomo, uharibifu unapanda kwa kasi kuliko uzito wenyewe. Mnaozidisha mnajijua.

Semi_Ndefu

😂 Mkuu tuache kidogo. Matajiri ndio wanaopakia.

HesabuKali

Mleta uzi, hoja yako ina mvuto ila ina tundu. Serikali gani yenye akili itakataa ruzuku ya upembuzi ikatumie kodi? Fedha hiyohiyo ingeweza kujenga madarasa.

Pili, watu humu hawajui mradi wa kikanda unavyopewa fedha, na ndiyo maana wanashangaa kwa nini kila barabara siku hizi inaitwa "ukanda". Mkopeshaji wa masharti nafuu, tuseme IDA ya Benki ya Dunia, anaipa kila nchi mgao wake. Mradi wa kawaida unakula mgao huo. Mradi ukihesabiwa kuwa wa kikanda, utaratibu uliozoeleka ni nchi kuchangia theluthi moja kutoka kwenye mgao wake, theluthi mbili zinatoka kwenye dirisha la kikanda, yaani fungu la pembeni la miradi ya namna hiyo. Masharti: zihusike nchi tatu au zaidi, au mbili kama mojawapo iko kwenye hali tete, na faida ivuke mpaka. Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) nayo ina dirisha la namna hiyo. Kwa waziri wa fedha hiyo ni mara tatu ya hela yake. Wewe ungeiacha?

Tatu, upembuzi uliolipwa kwa fedha za ndani halafu usipate mfadhili ni karatasi. Hesabu ya magari ya mwaka jana baada ya miaka mitano haina thamani. Makabati ya wizara nyingi yamejaa michoro ya barabara ambazo hazitajengwa.

Kipimapembe (mleta uzi)

HesabuKali, hiyo theluthi umeieleza vizuri kuliko wasemaji wengi wa wizara. Na hoja ya makabati ni ya kweli, siibishii.

Lakini tazama inavyofanya kazi kwa vitendo. Kwa sababu dirisha la kikanda lina utamu huo, miradi inatafutiwa sura ya kikanda. Barabara ya wilaya iliyokuwa inangoja kwa miaka inapewa mpaka mwishoni. Wakati mwingine ni jambo jema kabisa. Kigoma wanaijua: mwaka 2018 AfDB iliidhinisha mradi mmoja wenye vipande viwili, Kabingo–Kasulu–Manyovu kilomita 260 upande wetu na Rumonge–Gitaza kilomita 45 upande wa Burundi. Kasulu na Kibondo walikuwa wakila vumbi tangu uhuru. Bila Burundi kuwemo kwenye karatasi, nadhani wangeendelea kulila.

Ninachodai ni kidogo sana. Tenga fedha za ndani za maandalizi kwa njia chache ulizoamua wewe mwenyewe kwamba ni za lazima. Ajiri mshauri kwa hela yako, weka kwenye mkataba kwamba data zote ghafi na faili zinazoharirika ni za serikali, na wahandisi wako wakae mezani kwake tangu siku ya kwanza. Ruzuku ikija juu ya hapo, karibu. Hata daraja la Kigongo–Busisi, ambalo liko kwenye njia ya kwenda Kagera na Uganda, lilijengwa kwa fedha za ndani, likafunguliwa Juni 2025. Kama tumeweza daraja la kilomita tatu kukatiza ziwa, kulipia wapimaji na wachimba mashimo ya udongo hakutushindi.

Mtu_wa_Ruvuma

Mnaongea ya kaskazini na kati tu, kusini hamjui mambo.

Daraja la Umoja, mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji. Mita 720. Nchi mbili zimelilipia zenyewe, hakuna mfadhili, Kikwete na Guebuza wakalifungua Mei 2010. Nenda kasimame pale miaka ile baada ya uzinduzi uone. Daraja zuri kabisa, ukivuka unaingia Negomano, mbele yako vumbi na mchanga hadi Mueda. Mvua ikinyesha basi tena. Malori yaliyotarajiwa hayakuonekana. Barabara ile upande wa Msumbiji ilikuja kupata fedha za AfDB baadaye sana.

Kwa hiyo fedha za ndani siyo dawa ya kila kitu, mleta uzi. Pale tulilipa wenyewe na bado tulijenga mlango bila nyumba.

Kipimapembe (mleta uzi)

Mtu wa Ruvuma, umepiga penyewe, na naona ndilo tatizo la msingi la miradi ya kikanda kuliko hata hili nililoanza nalo. Nchi mbili, bajeti mbili, mabunge mawili, chaguzi mbili zisizogongana. Upande mmoja ukimaliza na mwingine ukalala, faida haigawanywi nusu kwa nusu, inakuwa karibu na sifuri.

Mkopeshaji wa nje hapo ana kazi moja nzuri: anawafunga wote wawili kwenye ratiba moja. Daraja la Kazungula kati ya Zambia na Botswana, mita 923, lililofunguliwa Mei 2021, lilipata fedha za AfDB na JICA pamoja na za serikali zenyewe, na vituo vya mpakani viliwekwa kwenye mradi tangu mwanzo. Likapinda kama upinde ili lisiguse eneo la Zimbabwe, maana Zimbabwe wakati wa maandalizi haikuwemo. Umbo la daraja limeamuliwa na siasa, hesabu za nguvu zikafuata. Ndiyo raha ya taaluma hii.

Mombasa_Raha

Majirani, nami niseme la huku Kenya. Sisi tulifanya mlichokosa: tuliweka ushuru wa reli mwaka 2013, asilimia 1.5 ya bidhaa zinazoingia, tukachukua mkopo benki ya China Exim, reli ya Mombasa–Nairobi ikazinduliwa Mei 2017, 2019 ikafika Naivasha. Ramani ilisema Kampala na Kigali. Ilipoishia ni Suswa, malishoni. Uganda upande wao hawakuwa tayari, na pesa ya kusonga mbele haikupatikana. Ikabidi tujenge kipande cha reli ya zamani kutoka pale hadi Longonot ili mzigo uhamishiwe kwenye njia nyembamba. Reli ya kisasa inaishia kubebwa na reli ya mkoloni.

Sasa Uganda wameipa kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, kandarasi ya Malaba–Kampala tangu Oktoba 2024. Hivyo wao waanze Malaba kuelekea kwao, sisi tufike Malaba lini? Upembuzi wetu ulihesabu mzigo wa Uganda na Rwanda kana kwamba reli ishafika.

HesabuKali

Ndugu wa Mombasa, hapo kwenye sentensi yako ya mwisho ndipo madeni yanapozaliwa. Makadirio ya mzigo yanachukua mtandao mzima, mkopo unasainiwa kwa kipande kimoja. TAZARA yenyewe ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka na haijawahi kuzifikia.

Niongeze na hili kwa wanaodhani mkopo ni pesa iliyokaa tu inasubiri. Wakopeshaji wengi hutoza ada kwa fedha ambazo umeahidiwa na hujazichukua. Ukichelewa kulipa fidia, mkandarasi hawezi kuingia eneo, fedha hazitoki, ada inahesabika. Akiingia na ukachelewa kulipa hati zake, kwa mikataba ya FIDIC ya 1999, ile mikataba ya mfano ya ujenzi ya kimataifa, una siku 56 tangu mhandisi mshauri apokee maombi ya malipo, baada ya hapo anadai riba. Siku 56, tani 56, sadfa tu.

Bi_Kasulu

Habari zenu. Mimi si mhandisi. Mmetaja fidia kwa kupita tu, nami nimekuja kwa hiyo. Nyumba ya wazazi wangu imepigwa X nyekundu, ya jirani ni X ya kijani. Walivyokuja walisema barabara ni ya mradi wa nje, tukajua mfadhili atalipa. Sasa tunaambiwa X yetu haina malipo. Kaka mleta uzi, hapo tunafanyaje? Nyumba ipo tangu baba yupo kazini.

Kipimapembe (mleta uzi)

Pole dada. Nitajibu kwa urefu kidogo, maana hili huelezwa vibaya na hata watu wa mradi.

Kwanza, fedha ya mfadhili kwa kawaida haigusi fidia. Mkopo unalipa mkandarasi na mshauri, fidia ni mchango wa serikali. Kwa hiyo mradi unaweza kuwa na hela benki na wananchi wakakaa bila kulipwa, vyote kwa wakati mmoja.

Pili, rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyekuwa nje ya zile 22.5 akajikuta ndani ya 30, huyo barabara imemfuata, anapata X ya kijani na fidia. Aliyejenga ndani ya 22.5 anahesabiwa kuwa yeye ndiye aliyeifuata barabara, anapata nyekundu. Swali la kwanza kwenu kwa hiyo ni la kipimo: walipima kutoka katikati ya barabara ipi? Ya zamani, au mstari mpya wa usanifu? Barabara ikinyooshwa kona, katikati inahama, na nyumba iliyokuwa mbali inaweza kuonekana imevamia. Na kama barabara ilipandishwa daraja au ilichongwa nyumba ikiwa tayari ipo, tafuteni ushahidi wa umri wa nyumba: barua ya kijiji, risiti za kodi ya jengo, hata picha.

Tatu, na hili wengi hawalijui. Miradi ya AfDB na ya Benki ya Dunia ina masharti yake ya kijamii juu ya sheria zetu. Kwa masharti hayo, hata asiye na haki ya ardhi hutakiwa kufidiwa jengo, mazao na usumbufu, ilimradi alikuwepo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuorodhesha watu. Ardhi hapati, jengo anapata. Hapa nakiri mfadhili ana faida ambayo fedha za ndani hazina, na HesabuKali anaweza kuandika bao.

HesabuKali

Nimeandika.

Bi_Kasulu

Asante kaka. Sasa hayo masharti nayaona wapi? Ofisini wanasema hawana karatasi.

Kipimapembe (mleta uzi)

Karatasi ipo. Kwa kila mradi wa namna hiyo huandaliwa mpango wa uhamishaji na fidia kabla benki haijaidhinisha mkopo, na benki huchapisha huo mpango au muhtasari wake kwenye tovuti yake. Tafuta kwa jina la barabara na neno AfDB, mara nyingi uko kwa Kiingereza, kijana yeyote wa chuo atakusomea. Angalia jedwali la nani anastahili nini, na tarehe ya mwisho ya uorodheshaji. Kisha andika barua kwa kamati ya malalamiko ya mradi. Inatakiwa iwepo hadi ngazi ya kijiji. Nakala kwa mhandisi mshauri, kwa sababu yeye huandika ripoti ya kila mwezi inayomfikia mfadhili, na malalamiko ya maandishi yanaingia humo. Ya mdomo hayaingii.

Kwa jirani yako wa X ya kijani: aombe kuona fomu yake ya uthamini na ahakikishe ina ardhi, jengo, mazao, posho ya usumbufu, usafiri na posho ya makazi. Miezi sita ikipita hajalipwa kuna riba kisheria. Miaka miwili ikipita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, uthamini ule umekufa, unafanywa upya kwa bei za wakati huo. Asikubali kulipwa cha zamani.

Semi_Ndefu

Kumbe huu uzi ulikuwa na nyama hivi. Mkuu, na sisi wa vibanda vya mama ntilie pale tunapoegesha magari, kibanda cha mabati nacho kinahesabiwa?

Kipimapembe (mleta uzi)

Kwa masharti ya benki, ndiyo, jengo na kipato anachopoteza, kama aliorodheshwa. Mwambie mama aangalie kama jina lake lilisomwa siku ile ya mkutano wa kijiji. Kama halikusomwa na alikuwepo, barua iende wiki hii, kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo.

Bi_Kasulu

Nimeupata mpango, ni kurasa nyingi mno. Mdogo wangu anausoma. Tumefika kwenye jedwali, X yetu inaonekana ipo. Jumatatu naandika barua.